Nimelipa Kutembezwa Mtaani Kwetu

Mie ni fundi cherehani wa Mchangani, hatua chache tu kutoka Darajani, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa mlangoni mwa duka nikiwaona watembeza wageni wakipita. Nawajua kwa sauti kabla sijainua macho. Yupo wa Kitaliano, yupo wa Kirusi, na yupo mmoja ambaye kila siku saa nne na robo husimama mbele ya mlango wa jirani yangu akawaambia watu kwamba ile misumari mikubwa ya shaba iliwekwa ili tembo asiusukume mlango. Tembo, Unguja! Labda aje na boti ya saa sita. Wote hao wana mwendo mmoja: wakifika barabara kubwa wanaonyesha soko kwa kidole, wageni wanapiga picha daladala, kisha kibendera kinageuka na msafara unarudi Mji Mkongwe, utadhani ukivuka barabara dunia imekwisha.

Kwa hivyo mteja wangu mmoja, aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, aliponiambia kuna kijana anatembeza watu Ng'ambo, huko huko upande wa pili wa barabara, kwa mguu, kila Jumamosi, tena kwa Kiswahili, nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Nimezaliwa Miembeni. Kulipa pesa nikaonyeshwe Miembeni ni sawa na kukata tiketi ya kwenda uani kwangu. Mteja hakucheka. Kasema, "Nenda, ila usiende peke yako. Nenda na mtu mzima."

Nikaenda na shangazi. Shangazi ana miaka sabini na nane, magoti yamemchoka lakini ulimi bado wembe. Kazaliwa Kisima Majongoo na hajapata kulala nje ya Unguja zaidi ya wiki moja. Nilipomweleza habari ya matembezi kaniuliza, "Anatupeleka wapi?" Nikamwambia Kisima Majongoo, Michenzani, Raha Leo. Kanyamaza kidogo, halafu: "Na tunamlipa sisi, au anatulipa yeye?"

Tulilipa sisi. Shilingi 15,000 kwa mkaazi, dola 20 kwa mgeni, na mtu mzima hana punguzo. Jina la kijana na namba yake siviweki hapa, kwa sababu nina malalamiko nitayasema na yeye bado mchanga kwenye kazi. Ukimtaka kweli, pita Darajani Jumamosi asubuhi, utamwona kasimama na watu waliochanganyikiwa.

Tuanze na malalamiko la kwanza basi. Miadi ilikuwa saa mbili na nusu mbele ya soko. Kijana katokea saa tatu na dakika kumi, anatweta, anaomba radhi, ati vespa ilizimika. Muda wote huo shangazi alikuwa kakalia kreti ya soda aliyopewa na muuza ndimu. Tulikuwa watu wanane: sisi wawili, wanafunzi watatu wa chuo, mtu na mkewe kutoka Dar es Salaam, na bwana mmoja wa makamo aliyevaa kanzu na kilemba cha Kiomani, kaja kutoka Muscat. Huyo Kiswahili chake kilitutia haya sote. Mama yake ni mzaliwa wa Kikwajuni, na alikuwa akisema maneno ambayo mie mara ya mwisho niliyasikia kwa bibi yangu.

Sasa sifa. Soko la Darajani tulilipita haraka, na hilo nalihesabu kuwa jambo jema. Kasema tu kwamba jengo ni la 1904, hakutushikisha karafuu, hakutunusisha mdalasini. Akatupeleka ukingoni mwa barabara akatugawa mafungu mawili. "Nyie wanne vukeni." Tukavuka, shangazi nikamshika mkono. Tukasimama tukitazamana na wenzetu, katikati yetu daladala, mikokoteni na vespa, na kijana kasimama upande ule anapiga kelele kama mnadi: "Sisi huku tuko Mjini! Nyie huko mko Ng'ambo! Na baina yetu ni maji! Haya, iteni mashua!"

Mwanafunzi mmoja kaita mashua kweli. Dereva wa daladala kadhani anaitwa yeye, kasimama.

Basi hapo ndipo, fundi mzima mwenye mvi, nilipojua kwa nini Darajani panaitwa Darajani. Mkono wa bahari ulikuwa unaingia kwa upande wa Funguni, unapita hapa, unateremka mpaka Mnazi Mmoja, na bahari ikijaa Mji Mkongwe unabaki kama kisiwa. Daraja lilikuwa pale pale tulipokuwa tumeziba njia. Walioishi ng'ambo ya maji wakaitwa watu wa Ng'ambo, na jina limebaki ingawa maji yameondoka. Waingereza waliujaza mkono ule kidogo kidogo. Upande wa kusini wakapata viwanja vya michezo, na kazi yote haikwisha mpaka miaka ya 1950. Mie barabara hiyo naivuka mara nne kwa siku. Sijapata kujiuliza daraja liko wapi.

Shangazi yeye hakushangaa. Kasema, "Mie tope lake nalijua. Tope jeusi, linanuka hilo! Mama akitukataza, na sisi tukenda vilevile kuokota kaa." Kijana kavuka mbio kuja upande wetu. "Bibi, uliliona tope?" "Sikuliona tu baba, nililipigiwa."

Kuanzia hapo safari ilikuwa na viongozi wawili, na mmoja hakuwa amelipwa.

Jambo ambalo kijana analifanya vizuri kuliko wote niliowasikia mlangoni kwangu ni kuyasoma majina. Hana jumba la kuonyesha. Nyumba ya Maajabu iko upande ule, Ngome Kongwe iko upande ule, huku Ng'ambo ana mabati, nguo zilizoanikwa na majina ya mitaa, basi anayafanyia kazi majina. Michenzani: michenza iko wapi? Wanafunzi wakageuka huku na huku, hapana hata mmoja. Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu, Kikwajuni: shamba zima la miti iliyobaki kwenye vibao vya daladala. Mchangani palikuwa mchanga, Gulioni palikuwa gulio. Kisima Majongoo, kisima na wadudu wake. Kisiwandui, akasema, lisikilizeni hilo vizuri: kisiwa, na ndui. Tukanyamaza. Yule bwana wa Dar es Salaam kaanza kuhesabu ya kwao, Mwembechai, Mwembe Yanga, mkewe kamwambia, "Hatukuja kwetu hapa."

Nilipenda pia kwamba habadilishi sauti. Mwaka jana nilipata wageni wa bara nikawalipia matembezi ya Mji Mkongwe, na tulipofika Mkunazini kiongozi, simtaji ni nani, alitushusha kwenye vile vyumba vya chini akaanza kusema kwa kunong'ona, huku anatupimia kwa mikono watumwa wangapi walijazwa kwenye chumba kimoja. Wageni wangu walitoka wanalia. Soko la watumwa lilikuwapo kweli pale, hakuna wa kulikana, lilifungwa 1873 na kanisa likajengwa juu yake. Lakini jumba lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Mambo yaliyotendeka pale yanatosha kumliza mtu bila kuongezewa chumba. Huyu kijana wa Ng'ambo alilisema hilo akiwa amesimama juani, kwa sauti ya kawaida, halafu kaongeza habari ambayo kiongozi wa Mkunazini hakuigusa: waliotoka utumwani walikwenda wapi? Amri ya kufuta utumwa kisheria ilitoka 1897. Wengi walioacha mashamba ya mikarafuu walikuja huku. Wayao, Wamanyema, Wanyasa, na Wangazija waliokuja kwa shughuli zao, wote wakajenga huku, kwa sababu huku ndiko walikoweza kujenga.

Tukaingia vichochoro vya Kisima Majongoo. Hapo kuna nyumba moja ya zamani ambayo mwenyewe amekubali watu waiangalie kwa nje. Nyumba ya kawaida kabisa: baraza mbele pande mbili za mlango, bati juu, ukuta mnene. Ubavuni plasta imebanduka mahali pakubwa kama sinia, na ndani unaona mwili wa nyumba: miti imesimama, fito zimelala, zimefungwa kwa kamba, na katikati udongo mwekundu na vijiwe. Nikasogea. Kazi yangu ni kufumua nguo za watu nikaona aliyeshona mwanzo alifanyaje, sikuweza kujizuia. Juu ya udongo kuna tabaka za chokaa na rangi, nikazihesabu kwa ukucha: nyeupe, buluu ya nili, nyeupe tena, kijani, halafu ile ya sasa ya rangi ya maziwa. Tabaka tano. Kila moja ni Idi ya mtu.

Kijana kasema, "Hii ni nyumba ya udongo iliyopigwa plasta." Shangazi kamtazama kama alivyokuwa akinitazama mie nilipokosea Alhamdu.

"Baba, usiseme hivyo. Kwanza wanasimamisha miti. Halafu wanapiga fito. Halafu wanakandika, watu wengi, wanawake wanachota maji, wanaume wanakanyaga udongo, siku hiyo unapikwa wali. Halafu unaachwa ukauke. Ukikauka unapasuka, ndipo wanatomea, wanajaza vijiwe kwenye nyufa. Chokaa ndiyo ya mwisho. Na bati hilo jipya. Mwanzo makuti. Asiye na pesa ya bati na kachoka na makuti anakata madebe anayanyoosha, anaezeka madebe. Mvua ikinyesha hapasikilizani."

Wanafunzi walikuwa wanaandika. Kijana naye kaandika, kwenye kiganja cha mkono.

Hapo barazani ndipo alipoeleza jambo lililonikaa mpaka leo. Watu wa Ng'ambo nyumba ilikuwa yao, ardhi iliyo chini yake si yao. Miti yako, fito zako, udongo wako, lakini ukishajenga unamlipa mwenye ardhi kodi ya kusimama. Mwaka 1928 kodi zilikuwa zimepanda mpaka watu wakakataa kulipa, mgomo, na wanawake wamo mbele, kwa sababu wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Kisha akatuuliza: mwaka huo huo 1928, ni mtu gani wa Ng'ambo alipanda meli kwenda Bombay? Nikajibu mie, hilo nalijua: Siti binti Saad, kwenda kutiwa sauti kwenye sahani za santuri. Mtoto wa Fumba, mama yake mfinyanzi, kaja mjini na vyungu kichwani mnamo 1911, kaishi huku huku Ng'ambo. Kijana katoa simu akatuwekea sauti yake, ile ya kukwaruza ya sahani ya zamani, hapo hapo barazani. Muuza mkaa aliyekuwa anapita na baskeli kasimama mpaka wimbo ukesha.

Na mwaka huo huo, kaendelea, wakubwa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakaamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Yaani kwa mwaka mmoja lugha ya watu wa mji huu ilichukuliwa ikafundishwe mpaka Tabora na Kampala, sauti yao ikachukuliwa ikauzwe kwa sahani pwani nzima, na wao wenyewe walikuwa wanagombania futi arubaini za mchanga wa kusimamishia nyumba. Hayo maneno ya mwisho ni yangu. Yeye aliitaja miaka tu, lakini aliipanga hivyo kwa makusudi, na kwa mpangilio huo mmoja ningemlipa tena.

Miaka ndiyo ugonjwa wake vilevile. Tulipofika karibu na Michenzani akaanza kuimwaga kama mbaazi: ramani ya mpango wa mji ya Lanchester 1923, ya Kendall 1958, ya Mjerumani Scholz 1968, ya Wachina 1982. Jua la saa tano. Mke wa yule bwana wa Dar es Salaam alikuwa anajipepea kwa kipochi. Shangazi kasikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kwa adabu kabisa, "Kumbe walikuwa wanachora? Mie nikidhani wanabomoa tu."

Michenzani nitasema kidogo zaidi, maana ni ya kwetu. Mtu asiyepajua: ni majumba marefu ya ghorofa, mengine yanakaribia mita 300, yamepangwa kufuata barabara mbili zinazokutana kama msalaba, katikati mzunguko. Yalijengwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa fikra za Mzee Karume na michoro ya Wajerumani wa Mashariki, baada ya ghorofa za Kikwajuni na Kilimani, na wananchi wakafanya kazi ya kujitolea kubeba mchanga na matofali. Walioondolewa kwenye nyumba zao walipewa nyumba za ghorofa bure. Hayo yote kijana kayasema sawasawa. Halafu kasema sentensi moja ya kitabuni, kwamba wakaazi walihamia kwenye makaazi bora ya kisasa, na shangazi kaketi. Kaketi kwenye ukingo wa maua wa mzunguko, kavua kiatu kimoja.

Kasema nyumba yao ilikuwa pale, kaonyesha kwa kiatu, chini ya ngazi ya pili ya jumba lile. Walikuja watu na kopo la rangi wakaandika namba ukutani, na mdogo wake akafurahi akidhani ni namba ya skuli. Babu yangu alipewa ghorofa ya nne. Kenda kupaona, kapanda ngazi, kafungua bomba, kazima, kafungua dirisha, kalifunga. Kashuka. Kawaambia asante, nyumba nzuri, lakini mbuzi wangu nitawafunga wapi? Wakahamia Miembeni kwa ndugu yake mkubwa, nyumba ya kukandika, na miaka michache baadaye nikazaliwa mie. Jirani yao wa mlango wa pili alikubali, kaingia ghorofani, na mpaka kufa kwake alikuwa akimwambia babu, "Wewe na mbuzi wako!" Maji nayo yakagoma kupanda, akawa anashuka kuteka chini, na babu naye akapata la kujibu.

Niseme kweli: kisa hicho nilikuwa sijakijua. Nimekula kwa shangazi mara ngapi, na hajanisimulia. Ilibidi nilipe elfu kumi na tano.

Sasa malalamiko la pili, na hili zito. Tulipandishwa ngazi za jumba moja mpaka ghorofa ya tano tukaone mji kwa juu. Mandhari ni ya kweli: bati, bati, bati, minara, na mbali kabisa Mji Mkongwe unaonekana mdogo, kitu ambacho aliyekulia Ng'ambo hukipenda moyoni. Lakini ule ushoroba ni wa watu. Mna ndoo zao, majiko yao, mtoto alikuwa anaogeshwa. Kijana hakutwambia tusipige picha, na mwanafunzi mmoja kapiga. Mlango ukafunguka, mama mmoja katoka na mwiko mkononi: "Kanga zangu hizo, umezilipia?" Kijana kaomba radhi, mwanafunzi kaifuta picha, lakini aibu ilitupata sote. Shangazi, aliyekuwa kabaki chini kwenye kiti cha muuza duka, alipoambiwa kasema angalikuwa yeye angaliutumia mwiko. Kijana, ukiyasoma haya: bisha hodi kwanza. Zungumza na watu wa ghorofa siku moja kabla, uwaachie chochote katika zile 15,000. Unauza ubavu wa nyumba zao.

La tatu ni Raha Leo. Jengo lenyewe ni la miaka ya 1940, la kituo cha jamii, radio ikawa humo, na asubuhi ya Januari 12, 1964 humo ndimo yalimokuwa makao ya waliopindua serikali, sauti ya John Okello, mmoja wa viongozi wao, ikasikika hewani. Kijana kayasema hayo kwa sentensi tatu huku miguu yake ishaanza kuondoka. Bwana wa Muscat, ambaye tangu asubuhi alikuwa anacheka na kila mtu, kauliza polepole, "Na waliokufa? Na waliokimbia?" Kijana katazama saa. Kasema tuna dakika ishirini za kufika Kisiwandui.

Simlaumu sana. Ana leseni ya kutafuta, ana mama wa kulisha, na hilo ni jambo ambalo hata kwenye barza zetu watu huteremsha sauti. Lakini mtu akijinadi kwamba anatembeza historia iliyosahauliwa, hawezi kuwa na saa ya kutazama hapo tu. Angalau aseme: hili ni zito, na kwenye nyumba hizi kila familia ina yake. Ingetosha.

Kilichotokea ni kwamba shangazi kamwita yule bwana aje akae naye barazani kwa watu, kamuuliza, "Mama yako Kikwajuni ipi baba, Juu au Bondeni?" Kasema Bondeni. Kamuuliza jina la mama, la bibi, na mlango ulikuwa unatazama wapi. Wakazungumza labda robo saa. Walichosema sikukisikia chote, na nilichokisikia si cha kuandika. Niliona tu kijana kasimama hatua mbili kutoka kwao, simu kaitia mfukoni, hatazami saa.

Kisiwandui tulifika tumechelewa na tukapita tu: kaburi la Mzee Karume, aliyeuawa hapo Aprili 7, 1972, makao ya chama, basi. Hakuna aliyelalamika. Miguu ilikuwa imekwisha.

Matembezi yalimalizika kwenye urojo, saa sita na nusu. Urojo haumo kwenye bei, na sioni kwa nini usiwemo. Ule wa pale una mbatata za kutosha na bajia ngumu, ukwaju umezidi kidogo. Choo njiani hakuna, kwa hivyo jipange. Vaa viatu vya chini, chukua maji, na mwanamke asiyetaka kutazamwa sana ajifunike mabega, maana huku ni nyumbani kwa watu. Kijana ana picha za zamani alizozitia plastiki, nzuri sana, lakini ni moja moja na watu wanane hawawezi kuziona kwa pamoja, atoe nakala. Anajua kujibu, na asipojua husema sijui, adabu ambayo mlangoni kwangu sijaisikia kwa miaka kumi na tisa. Kwa nyota tano nampa nne kasoro robo. Hiyo robo ni ya mama wa kanga.

Nimeshawaambia wateja wangu waende. Wawili wamekwenda. Mmoja kanirudia na swali kuhusu vikundi vya taarabu vya wanawake, Sahib al-Arry na Nur al-Uyun, nani alikuwa akimshinda nani kwa mafumbo, nikamwambia swali hilo usiulize dukani kwangu mbele ya watu, yataanza upya.

Tulipokuwa tunaagana, kijana kamrudishia shangazi zile 15,000 zake. Shangazi kazitazama, kazifunga kwenye pindo la kanga. Kijana kamwambia, "Bibi, Jumamosi ijayo uje tena, hutolipa kitu. Uwaeleze watu habari ya kukandika tu, na ya mbuzi."

"Na mimi utanilipa shilingi ngapi?"

Kijana kadhani anataniwa, kacheka. Shangazi hakucheka. Hizi ni wiki tatu sasa, wanapigiana simu kila Alhamisi jioni, na mpaka naandika haya bado hawajakubaliana bei.